Uvimbe Haujulikani kwa Macho

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Kinondoni, Temeke na vitongoji vingine vya Dar es Salaam. Limepigwa chapa ili lisomwe darasani baada ya kusikilizwa.

Natumaini wote mmekwisha kaa, na daftari ziko wazi mbele yenu. Ninyi wa Mbagala na Tandika, ninyi wa Manzese na Tandale, ninyi wa Kawe na Bunju, karibuni nyote.

Somo la leo linahusu uvimbe. Mimi si daktari. Mimi ni ofisa wa elimu, na kazi yangu ni kuchukua maneno ya wataalamu na kuyaleta kwenu kwa lugha nyepesi. Kwa hiyo leo sitawafundisha kutibu. Nitawaeleza jinsi madaktari wanavyolitafuta jina la uvimbe, na kwa nini jina hilo lazima lipatikane kabla ya dawa.

WAGONJWA WATATU KWENYE BENCHI MOJA

Nianze kwa mfano niliotunga mwenyewe. Tuseme ni asubuhi, na wagonjwa watatu wamekaa kwenye benchi moja la hospitali. Wa kwanza ni msichana wa miaka minane, ametoka Tandika na bibi yake. Wa pili ni mvulana wa miaka sita, amekuja na mama yake kutoka Mbagala. Wa tatu ni kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Tandale.

Wote watatu wamevimba shavu. Mtu akipita mbele yao atasema, "Maskini, meno hayo! Wang'olewe tu." Hata jirani wa mama wa Mbagala alimwambia hivyo: "Mama Juma, mpeleke mtoto akang'olewe jino, uvimbe utanywea." Jino liling'olewa. Wiki ya pili likalegea jingine, na shavu likazidi kujaa.

Sasa sikilizeni. Msichana wa Tandika ana jipu la jino bovu. Atatibiwa jino, atapewa dawa ya kuua vijidudu, na atapona. Kijana wa Tandale ana uvimbe uitwao ameloblastoma. Huu huanza katika chembe zinazotengeneza meno, hukua polepole kwa miaka, na hula mfupa wa taya. Dawa za kumeza haziuondoi. Tiba yake ni kisu cha daktari mpasuaji. Mvulana wa Mbagala ana saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Kwa huyu, kukata taya ni kumwumiza bure. Tiba yake ni dawa zinazopitishwa kwenye mshipa, na zinatakiwa upesi.

Mashavu ni ya namna moja, lakini maradhi ni matatu na tiba ni tatu. Ukimpa mmoja tiba ya mwenzake, unamdhuru. Ndiyo sababu nasema: dawa hufuata jina, na jina la uvimbe halijulikani kwa macho.

(Mwalimu, simamisha hapa kidogo. Waulize wanafunzi: ni mgonjwa yupi kati ya hawa watatu asiyeweza kungoja, na kwa nini?)

JINSI JINA LA BURKITT LILIVYOPATIKANA

Jina hilo la Burkitt lilitoka hapa kwetu Afrika ya Mashariki, na habari zake zitatusaidia kuelewa somo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alikuwako daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland. Alikuwa na jicho moja tu, kwani la pili lilipotea utotoni. Siku moja daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano hivi. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa. Jipu la jino huvimba upande mmoja, si pande nne.

Muda si mrefu baadaye akaenda hospitali ya Jinja. Huko akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba namna ile ile. Alipompapasa tumbo akakuta uvimbe humo pia. Hapo akaanza kujiuliza: je, uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ni ugonjwa mmoja?

Aliporudi Mulago alifungua majalada ya zamani. Akaona kwamba watoto wengi waliokufa kwa uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe mahali pengine pia, kama vile kwenye figo au ini. Kabla ya hapo kila daktari aliupa ugonjwa jina lake, kwa kuwa kila mmoja aliutazama upande wake tu. Mwaka 1958 Burkitt alitangaza habari hizo katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Lakini mpasuaji peke yake hakuweza kusema uvimbe huo ni wa aina gani. Wataalamu wa patholojia wa Kampala, akina Jack Davies na Gregory O'Conor, walitazama vipande vya nyama yake kwa hadubini. Wakaonyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe zile zinazoulinda mwili. Mwaka 1961 Burkitt na rafiki zake wawili walipanda gari, wakasafiri karibu maili 10,000 wakiuliza hospitali hata hospitali kama ugonjwa huo uko. Walipita Tanganyika yetu pia. Waligundua kwamba ugonjwa huo unapatikana zaidi penye joto na mvua, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi ndani ya chembe zilizotoka Uganda. Siku hizi tunajua kwamba kirusi hicho wanacho watu wengi sana bila kudhurika. Ila mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga yake huchoka, na hatari ya saratani hii huongezeka. Hiyo nayo ni sababu ya kutundika chandarua.

Mnaona basi? Mmoja aliona uso wa mtoto. Wengine walitazama kwa hadubini. Wengine walisafiri, na wengine wakatafuta kirusi. Jina moja lilihitaji watu wengi. Na hata leo, kwa kila mgonjwa mmoja, kazi hufanywa kwa njia hiyo hiyo.

HATUA YA KWANZA: PICHA

Daktari akisha kumwuliza mgonjwa habari zake na kumpapasa, huagiza picha. Picha ya kwanza mara nyingi ni eksirei. Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani aitwaye Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Mionzi hiyo hupita kwa urahisi katika nyama, lakini mfupa huizuia. Kwa hiyo kwenye picha mfupa huonekana mweupe, na nyama huonekana kijivu. Ni kama kuweka taa nyuma ya kanga: penye pindo, kitambaa ni kizito, na mwanga haupiti vizuri.

Katika taya la kijana wa Tandale, daktari wa picha huenda akaona mfupa umetobolewa matundu mengi, mithili ya mapovu ya sabuni. Katika taya la mvulana wa Mbagala anaweza kuona jambo dogo sana. Kila jino zima huzungukwa na mstari mwembamba mweupe kwenye picha. Saratani ya Burkitt huufuta mstari huo mapema, na ndiyo maana meno yalilegea.

Picha ya pili ni ultrasaundi. Hii haitumii mionzi, hutumia sauti ambayo sikio haliisikii. Sauti huingia tumboni na kurudi, kama mwangwi unaporudi ukipiga kelele kisimani. Kwa njia hiyo figo, ini na matezi ya tumboni huonekana bila kisu na bila maumivu. Picha ya tatu ni siti skani. Hiyo ni eksirei inayomzunguka mgonjwa na kumchora vipande vipande, kama mkate uliokatwa silesi.

Picha husema uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, na umefika wapi. Lakini mara nyingi haitoshi kuutaja jina kwa uhakika.

HATUA YA PILI: KINYAMA

Ili jina lijulikane, inatakiwa kipande kidogo cha uvimbe wenyewe. Watu wetu hukiita kinyama. Daktari hukichukua kwa sindano au kwa kisu kidogo, baada ya kutia ganzi au kumlaza mgonjwa usingizi.

Najua hapa wengine mmenyanyua vichwa. Mmesikia mitaani kwamba uvimbe ukiguswa na chuma husambaa. Nijibu wazi. Saratani ya mvulana wa Mbagala haisambai kwa sababu ya sindano. Husambaa yenyewe, kwa kuwa ndiyo tabia yake. Watu huona mgonjwa amekatwa kinyama leo na amezidiwa mwezi ujao, wakadhani kinyama ndicho kilichomwua, kumbe alichelewa kuja. Ni kweli kwamba uvimbe wa aina nyingine huhitaji uangalifu, usichomwe mahali popote tu. Ndiyo maana picha hutangulia, na madaktari hupanga kwanza sindano ipite wapi.

Kinyama kikisha tolewa, hutiwa mara moja katika kichupa chenye fomalini. Fomalini ni dawa inayozuia nyama isioze. Kikitiwa katika maji matupu, au kikiachwa kikauke, huharibika, na kazi yote huwa bure. Kinyama cha kawaida kitunzwe katika fomalini iliyo mara kumi ya ukubwa wake.

Katika maabara ya patholojia, kinyama hukaushwa maji, kisha hugandishwa ndani ya nta. Halafu mtaalamu hukikata kwa kisu kikali sana. Vipande hivyo ni vyembamba hivi kwamba unene wa unywele mmoja ungetoa zaidi ya kumi. Kipande hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Viini vya chembe huwa vya buluu, na sehemu nyingine huwa za waridi. Ndipo daktari wa patholojia anapotazama kwa hadubini.

Limfoma ya Burkitt ina sura ambayo madaktari huifananisha na anga la usiku lenye nyota. Giza lote la buluu ni chembe za saratani zilizosongamana. Nyota zile nyeupe ni chembe kubwa za mwili, zinazokula chembe zilizokufa. Anga hilo humwambia daktari jina, kisha vipimo vingine hulithibitisha.

Kwa nini haraka? Chembe za saratani hii zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Fanyeni hesabu katika daftari. Weka punje moja ya mchele. Kila siku mbili zidisha kwa mbili: 2, 4, 8, 16. Baada ya siku 20 una punje 1,024. Mwilini chembe nyingine hufa, kwa hiyo hesabu haiendi sawasawa hivyo. Hata hivyo mnaelewa sasa kwa nini kungoja mwezi mmoja "tuone kama utanywea" ni hatari kubwa.

(Mwalimu, wape wanafunzi muda wa kumaliza hesabu hadi kufika 1,024.)

HATUA YA TATU: KIKAO

Sasa picha ziko na jina liko. Katika hospitali kubwa madaktari hukutana kuzungumza juu ya mgonjwa. Anakuwapo daktari wa picha, daktari wa patholojia, mpasuaji, daktari wa dawa za saratani na daktari wa mionzi. Wauguzi na mfamasia wana sehemu yao. Ofisa wa ustawi wa jamii naye ana kazi, kwani familia isiyo na nauli haiwezi kurudi kwa tiba.

Mambo huko huwa kama baraza la wazee shambani. Mpasuaji anaweza kusema, "Niukate." Daktari wa patholojia akamjibu, "Huu ni wa Burkitt, usiukate." Daktari wa picha akaongeza, "Tena umo tumboni pia." Hapo shauri hubadilika, na mtoto huponea na taya lake.

Hapa Dar es Salaam, watoto wenye saratani hutibiwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Karibu na bahari iko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hospitali hiyo ya kale ilijengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, na mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani. Huko kuna mashine za mionzi ya kutibu. Msichanganye mionzi hiyo na ile ya picha. Mionzi ya picha ni kama taa, hutumulika kidogo na kutuacha. Mionzi ya tiba ni kama moto unaolengwa mahali pamoja ili kuua saratani, na huwasaidia wengi, hasa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi.

USIACHE DAWA KATIKATI

Mvulana wetu wa Mbagala atapewa dawa kwa mizunguko. Atapimwa pia maji ya uti wa mgongo na uboho wa mifupa, ijulikane kama saratani imefika huko. Kabla ya dawa na wakati wa dawa atatiwa maji mengi mshipani. Saratani hii ikianza kufa, hufa nyingi kwa mara moja, na taka zake zinaweza kuziba figo. Nywele zitanyonyoka, kisha zitaota tena.

Hapa pana mtego. Baada ya siku chache za dawa, shavu hunywea. Mtoto hula na kucheza. Mama husema, "Alhamdulillahi, amepona," akambeba mwanawe akarudi nyumbani. Nyumbani kuna watoto wengine, na biashara yake ya maandazi imelala. Nani atamlaumu? Lakini chembe chache zilizobaki hazionekani kwa macho, nazo zinaongezeka maradufu kama ile mchele. Akirudi baada ya miezi miwili, ugonjwa unaweza kuwa mgumu kuliko mwanzo. Kwa hiyo mama mwenye shida ya nauli au ya watoto aliowaacha aseme mapema kwa muuguzi au kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Na sisi majirani tumpikie wale watoto. Hiyo nayo ni sehemu ya tiba.

KISOMO CHENU KINAVYOOKOA MTU

Niwaambie jambo lililotokea nyumbani kwetu. Mjomba wangu alichukuliwa kinyama cha shingoni katika hospitali moja. Alipewa bahasha ya majibu, akaambiwa airudishe kwa daktari. Akaiweka kabatini, pamoja na kadi za harusi. Hakuna aliyeifungua, kwa sababu hakuna aliyejua kusoma vizuri. Wengine waliogopa kilichoandikwa humo. Bahasha ilikaa miezi mitatu. Jina la ugonjwa lilikuwa limekwisha patikana, nalo lilikuwa limelala kabatini. Mjomba alitibiwa kwa kuchelewa, na hatukudumu naye.

Tangu siku hiyo sioni kisomo kuwa ni kujua kutia sahihi tu. Mwanafunzi wa darasa hili anaweza kufanya mambo haya:

1. Kinyama kikitolewa, soma karatasi ya kichupa. Jina ni la mgonjwa wako? Umri ni sawa? Upande ni wa kulia au wa kushoto? Tarehe ipo? Palipo na kosa, sema hapo hapo, kwa adabu.

2. Uliza, "Majibu yatatoka siku gani, na niyafuate wapi?" Andika jibu katika daftari.

3. Majibu mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Usione haya. Yapeleke kwa daktari, umwulize: "Jina la ugonjwa ni nini kwa Kiswahili? Umefika wapi? Tiba yake ni ipi? Itachukua muda gani? Nirudi lini?"

4. Tunza picha, karatasi na kadi zote katika mfuko mmoja, na uje nao kila mara.

5. Andika siku uvimbe ulipoonekana mara ya kwanza. Daktari akijua kwamba ulianza wiki tatu zilizopita au miaka mitatu iliyopita, amekwisha pata nusu ya njia.

Tena, uvimbe wowote unaozidi kukua, au meno ya mtoto yanayolegea bila sababu, au tumbo la mtoto linalojaa upande mmoja, usiungoje. Anza kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu. Huko wataandika barua ya kukupeleka mbele, Temeke, Mwananyamala au kwingineko. Si kila uvimbe ni saratani. Uvimbe mwingi si saratani kabisa. Lakini ni nani atakayekuambia hivyo kwa uhakika, kama hujapimwa?

Wazee watakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi kama ninyi leo, wakasikiliza, kisha wakaondoka wakachimba vyoo. Faida ya somo ilionekana baada ya redio kuzimwa. Na leo iwe hivyo. Usiku huu, kila mmoja afungue kabati lake nyumbani, atazame kama kuna bahasha ya hospitali iliyolala.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini wagonjwa watatu wenye mashavu ya namna moja hawakupewa tiba moja?
2. Picha hutuambia nini, na kinyama hutuambia nini?
3. Jirani yako amesema, "Nimemtoa mtoto hospitali, uvimbe umekwisha." Utamjibuje?
4. Andika katika daftari maswali matano ya kumwuliza daktari siku ya majibu. Msomee mwenzako.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kinyama: kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa ili kipimwe.
Fomalini: dawa ya kuzuia kinyama kisioze.
Hadubini: chombo cha kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Patholojia: elimu ya kutambua ugonjwa kwa kupima nyama na maji ya mwili.
Limfoma: saratani ya chembe zinazoulinda mwili.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha.